Shajara ya Mradi: Hilux ya Pwani katika Baridi ya Njombe

1 Juni 2024

Mradi huu unahusu Toyota Hilux ya mwaka 1994 yenye injini ya dizeli aina ya 3L, gari ambalo limeishi karibu umri wake wote Tanga na sasa limehamia Njombe mjini, kiasi cha mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, ambako litabeba viazi mviringo kutoka mashambani. Huko pwani halikuwa na malalamiko makubwa. Hapa linagoma kuwaka alfajiri, na likiwaka linajaza uwanja moshi mweupe unaowasha macho. Injini inamisi (baadhi ya silinda hazichomi mafuta) na kugonga kwa muda mrefu kabla ya kutulia, na mchana, likiwa na mzigo mlimani, moshi unageuka mweusi na kuacha masizi kwenye bamba lote la nyuma.

Injini ya 3L ina silinda nne zenye jumla ya sentimita za ujazo 2,779 na haina tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa ya ziada. Dizeli yake hainyunyiziwi moja kwa moja juu ya pistoni, bali ndani ya kichumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi, ambamo hewa iliyogandamizwa huzunguka kwa kasi na kuchanganyika na mafuta kabla moto haujatoka kuisukuma pistoni. Mpangilio huo huifanya injini iwe tulivu na ivumilie mafuta yasiyo bora sana, lakini kuta za kichumba hicho hunyonya joto jingi. Kwa hiyo, ingawa hewa inagandamizwa kwa uwiano wa zaidi ya 22 kwa 1, joto la mgandamizo peke yake halitoshi kuwasha dizeli asubuhi yenye sakitu (umande ulioganda), na ndiyo maana kila silinda imewekewa plagi ya hita.

Karibu kila aliyeliona gari hili amesema limezeeka, na kwamba dizeli za zamani ndivyo zilivyo. Sikubaliani na kauli hiyo. Nilipofungua boneti kwa mara ya kwanza niliona gari lililorekebishwa hatua kwa hatua liendane na joto la pwani: kila kifaa kilichowekwa kiwandani kwa ajili ya baridi kilikuwa ama kimeondolewa, ama kimefungwa, ama kimeachwa kife, kwa kuwa huko hakuna aliyekihitaji. Kazi ya mradi huu ni kuvirudisha vifaa hivyo kimoja baada ya kingine na kuandika kila kimoja kimeleta mabadiliko gani, badala ya kukimbilia kununua injini nyingine.

4 Juni 2024

Kabla ya kushika spana tulihitaji kipimo ambacho hakitegemei macho ya mtu. Tumekubaliana kwamba kila hatua ikikamilika tutashika karatasi nyeupe mbele ya mdomo wa ekzosi kwa umbali uleule, injini ikiwa imepata joto na mzunguko wake ukiwa uleule, kwa muda uleule wa saa ya mkononi, kisha tuiandike tarehe na kuihifadhi ndani ya daftari. Karatasi ya leo ina duara jeusi lenye kingo za kijivu. Ukipitisha kidole, masizi yanatoka makavu na laini kama unga wa mkaa. Ukavu huo ni habari njema, kwa sababu masizi yenye utelezi yangeashiria kwamba oili inapita kwenye ringi za pistoni au kwenye sili za valvu.

Rangi za moshi zina maana tofauti, na kuzichanganya ndiko kunakowagharimu wenye magari. Moshi mweupe wa asubuhi, wenye harufu kali ya dizeli, ni mafuta yaliyopashwa moto hadi yakawa mvuke lakini hayakuungua. Hiyo ni kasoro ya joto. Moshi mweusi ni mafuta yaliyoungua nusu kwa kukosa hewa ya kutosha, na kaboni yake ikatoka ikiwa masizi. Moshi wa bluu ni oili. Gari letu lina mweupe na mweusi kwa nyakati tofauti za siku, na hiyo ina maana kwamba tuna maradhi mawili wala si moja.

Ni vizuri kueleza pia kwa nini baridi yenyewe haileti masizi mlimani. Katika mwinuko huu kanieneo la hewa ni takriban asilimia 80 tu ya lile la Tanga, hivyo kila pistoni inaposhuka inavuta hewa pungufu, ilhali pampu ya dizeli iliyopangwa pwani inaendelea kupima mafuta yaleyale. Hewa ya alfajiri, kwa kuwa ni ya baridi, ni nzito zaidi na hurudisha sehemu ya upungufu huo. Jua likipanda, hewa inapanuka na upungufu unaongezeka. Hiyo ndiyo sababu moshi mweusi unazidi saa saba mchana kuliko saa moja asubuhi, jambo ambalo dereva wetu alikuwa ameligundua mwenyewe bila kuelezwa na mtu.

Hatua ya kwanza ilikuwa nyepesi. Eya klina ilikuwa imeziba kwa vumbi lililoshikana na ukungu wa mafuta, na tulipoimulika kwa tochi kutoka ndani, mwanga haukupita. Imewekwa mpya. Duara la karatasi limepungua weusi kidogo, ila asubuhi hakuna kilichobadilika.

8 Juni 2024

Leo tumeshughulikia stata. Kemikali za betri hufanya kazi polepole kwenye baridi, na wakati huohuo injini inakuwa nzito kuzungusha, kwa hiyo betri inadaiwa nguvu kubwa zaidi saa ambayo yenyewe ni dhaifu zaidi. Betri ilipimwa na kuonekana nzima. Waya wa ethi kutoka kwenye betri hadi kwenye bodi ulikuwa na kutu ya kijani chini ya nati. Umesafishwa, na mwingine mnene umeongezwa kutoka kwenye bodi hadi kwenye gia boksi.

Oili iliyokuwamo ni ile nzito ya SAE 40, ambayo pwani inapendwa kwa sababu haiwi nyepesi injini ikichemka. Hapa, asubuhi yenye nyuzi 6 za Selsiasi, ilikuwa inamiminika polepole mno kwenye kijiti cha kupimia. Tumeweka 15W-40, ambayo hubaki nyepesi zaidi kwenye baridi, na stata imeanza kuzungusha kwa kasi ambayo gari hili halikuwa nayo tangu lifike.

15 Juni 2024

Plagi za hita. Mfumo wa awali wa Toyota una kifaa cha kupima muda na rilei zake, kinachopasha plagi moto kwa sekunde chache kulingana na joto la injini, kisha kuzima taa ya dashibodi. Kwenye gari letu kifaa hicho hakipo. Mtu aliweka kitufe cha kubonyeza chini ya usukani na kuunganisha waya mwembamba moja kwa moja hadi kwenye bamba linalounganisha plagi zote nne. Plagi nne zinapoanza kupata moto huvuta zaidi ya ampea 40 kwa pamoja, na waya ule ulikuwa umeungua ganda lake mahali unapopita kwenye ukuta wa injini.

Tuliondoa bamba la kuunganishia na kupima kila plagi kwa ommita, ncha moja kwenye kichwa cha plagi na nyingine kwenye mwili wa injini. Plagi nzima huonyesha ukinzani mdogo sana, usiofika omu mbili; iliyokatika haionyeshi kitu. Ya silinda ya pili na ya nne zilikuwa zimekatika. Tulipozitoa, ya nne ilikuwa na ncha iliyovimba, na ilibidi tuizungushe mbele na nyuma kwa subira huku tukidondoshea mafuta ya kulainisha, kwa sababu ncha kama hiyo ikikatikia ndani inaweza kuangukia kwenye kichumba cha mwako, na hapo silinda hedi lazima ishushwe.

Anayenunua plagi mpya asome volti iliyoandikwa juu yake. Baadhi ya mifumo ya Toyota inatumia plagi za volti 6 zinazopata moto haraka na kulindwa na rilei ya pili pamoja na rezista. Plagi hizo zikiunganishwa moja kwa moja na betri ya volti 12 kwa kitufe, zinaungua mara moja. Sisi tumeweka za volti 12 zinazolingana na kitufe, tumeongeza rilei ili kitufe kisibebe mkondo mkubwa, na tumebadilisha waya kwa mnene wenye fyuzi yake.

Injini sasa inawaka bila kugoma. Moshi mweupe umepungua lakini bado upo, na kumisi kwa silinda moja kunaendelea.

Nataka hapa niseme wazi kuhusu zile tiba za haraka ambazo wengi wanazitumia nyanda za juu. Kupuliza dawa ya etha kwenye njia ya hewa ya injini yenye plagi za hita zilizowaka ni hatari kubwa, kwa kuwa etha huwaka kabla ya wakati wake na inaweza kuvunja pistoni au kurudisha moto usoni kwa anayepuliza. Kuweka kitambaa chenye moto mdomoni mwa eya klina, au kuwasha kuni chini ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), ni kuchezea gari na maisha. Na kuchanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa imani kwamba yanawaka upesi kunaiua pampu, kwa sababu pampu ya aina hii haina oili yake yenyewe. Inalainishwa na dizeli ileile inayopita ndani yake.

19 Juni 2024

Jana usiku tuliliacha gari likiwa limeinua pua kwenye mteremko, na asubuhi likagoma tena licha ya plagi mpya. Dalili hiyo ilitutosha kushuku kwamba hewa inaingia kwenye njia ya mafuta na dizeli inarudi tangini usiku kucha. Tumeweka kipande cha mpira unaopenya mwanga kati ya chujio na pampu, na mara stata ilipozungushwa viputo vikaonekana vikipita kimoja baada ya kingine.

Tundu lilikuwa kwenye pampu ya mkono iliyo juu ya chujio la dizeli; mpira wake wa ndani ulikuwa umepasuka nyufa nyembamba ambazo hazivujishi mafuta nje lakini zinaruhusu hewa kuingia injini inapovuta. Kichwa kizima kimebadilishwa pamoja na chujio, na maji yaliyotuama chini yake yamemwagwa. Viputo vimekwisha.

29 Juni 2024

Hii ndiyo hatua niliyokuwa naisubiri. Tumefungua kasha la themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto, na kulikuta tupu, kama nilivyotarajia. Kuondoa themostati ni desturi iliyoenea katika gereji nyingi za Afrika Mashariki: gari likichemsha mara moja, themostati inatupwa, na mwenye gari anaambiwa kwamba nchi ya joto haina haja nayo. Ushauri huo una madhara hata pwani, na huku juu una madhara makubwa zaidi. Injini isiyo na themostati inazungusha maji ya baridi kutoka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Kipimajoto tulichofunga kwenye bomba la juu kilionyesha kwamba gari letu lilikuwa linatembea kutoka shambani hadi mjini bila kufika nyuzi 60.

Injini inayofanya kazi ikiwa na ubaridi huo haiunguzi vizuri. Dizeli inayogusa kuta baridi za kichumba haigeuki mvuke kwa wakati, inaungua kwa kuchelewa na nusunusu, na mabaki yake yanakuwa masizi. Mengine yanatoka kwenye ekzosi na mengine yanashuka pembeni mwa ringi hadi kwenye oili, ambayo inakuwa nyeusi na nzito kabla ya muda wake. Kwa hiyo kasoro hii moja inalisha maradhi yetu yote mawili.

Themostati tuliyonunua imechapwa nyuzi 82, yaani joto la kuanza kufunguka, na kitabu cha Toyota kinataka valvu yake iwe imenyanyuka angalau milimita 8 joto linapofika nyuzi 95. Kabla ya kuifunga tuliitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, tukaininginiza kwa uzi isiguse chini, kipimajoto kikiwa kando yake. Ilianza kuachia kwenye nyuzi 82 kama ilivyoandikwa. Maji yakaendelea kupanda, yakachemka, na valvu ikasimama ikiwa haijafika milimita 8.

Fundi kijana ninayefanya naye kazi alinitazama akasema, “Mwalimu, hii imekufa, haifunguki yote. Turudishe dukani.”

Nilimwomba asome kipimajoto. Kilikuwa kwenye nyuzi 93, na maji yakitokota vilivyo. Katika mwinuko wa Njombe maji ya sufuria wazi hayawezi kufika nyuzi 95, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza ni nyepesi; yanachemka na kubaki hapohapo hata ukiongeza mkaa. Ndani ya injini hali ni nyingine, kwa sababu kifuniko cha rejeta kinashikilia kanieneo na kulipandisha joto la kuchemka. Themostati ni nzima. Nimeandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu naamini themostati nyingi nzuri zimetupwa katika miji ya nyanda za juu baada ya kupimwa kwenye sufuria.

Kutokana na hilo kifuniko cha rejeta nacho kimekaguliwa. Mpira wake ulikuwa umelegea na kimebadilishwa. Tumejaza kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji, na tumetoa hewa kwenye mfumo kwa kuacha injini ikizunguka rejeta ikiwa wazi hadi bomba la juu lilipopata moto ghafla.

Tofauti ni kubwa. Sindano ya dashibodi inapanda na kutulia katikati, hita ya ndani inapuliza hewa ya moto, na karatasi ya leo ni ya kijivu tu pale ambapo ile ya tarehe 4 ilikuwa nyeusi.

6 Julai 2024

Ubavuni mwa pampu ya dizeli kuna kifaa kidogo chenye mabomba mawili membamba ya maji, na ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi, nta inasinyaa na kuruhusu wenzo uzunguke; wenzo huo unapandisha sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) na papo hapo unawahisha unyunyiziaji wa mafuta, ili dizeli ipate muda zaidi wa kushika moto katika silinda ya baridi. Maji yakipata moto, nta inavimba na kurudisha wenzo mahali pake pa kawaida.

Kwenye gari letu mabomba hayo yalikuwa yameunganishwa yenyewe kwa yenyewe yakikipita kifaa, na wenzo ulikuwa umefungwa kwa waya katika hali ya joto. Sababu inaeleweka: bila themostati, nta haikuwahi kupata moto wa kutosha kuvimba, kwa hiyo gari lilikuwa linabaki na sailensa ya juu na kugonga siku nzima, na aliyekuwa analitengeneza akachagua kulifunga. Kosa moja lilizaa lingine. Ndiyo maana haikuwa na faida kushughulikia kifaa hiki kabla ya themostati kurudi.

Waya umekatwa, mabomba yamezibuliwa kutu na kurudishwa. Asubuhi hii, kukiwa na nyuzi 5, injini iliwaka na kukaa juu kidogo ya mizunguko 1,000 kwa dakika bila mtu kukanyaga mafuta, kisha ikashuka yenyewe taratibu kadiri maji yalivyopata moto. Kule kugonga kama nyundo kwenye chuma tupu, ambako majirani walikuwa wanakufahamu vizuri, kumebaki mlio wa kawaida wa dizeli.

13 Julai 2024

Bado silinda moja inamisi dakika za mwanzo, hivyo tumepima kompresheni (nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda) kupitia matundu ya plagi za hita, injini ikiwa ya moto. Vipimo vyote vimeangukia kati ya kilo 22 na 24 kwa sentimita ya mraba. Kitabu kinasema injini mpya iwe na 32, kiwango cha chini kabisa kinachokubalika kiwe 20, na tofauti baina ya silinda isizidi 5. Anayesoma namba hizo bila kufikiria mwinuko atasema injini imekaribia mwisho wake. Lakini namba za kitabu ni za usawa wa bahari. Kwa hewa ya hapa, injini mpya kabisa ingeonyesha takriban 25. Ringi na silinda zetu ni nzima, na ninafurahi sana kuliandika hilo.

Nafasi za valvu zimepimwa injini ikiwa baridi. Za kuingizia zinatakiwa ziwe milimita 0.20 hadi 0.30, na za kutolea 0.40 hadi 0.50. Valvu moja ya kutolea, ya silinda ya pili, ilikuwa imebana hadi 0.25, na imewekewa shimu (kibamba cha kupangia nafasi) nyembamba zaidi.

20 Julai 2024

Nozeli zote nne, yaani vinyunyizi vya dizeli, zimetolewa na kupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya mkono ya kuzipima. Nozeli nzima hutoa ukungu mwembamba kwa mlio mkali wa kukatika, kisha mdomo wake unabaki mkavu. Ya silinda ya pili ilikuwa inadondosha. Kabla hata ya shinikizo kufika kiwango chake, tone lilijikusanya mdomoni, likaning’inia, likaanguka. Tone kama hilo haliungui. Asubuhi linatoka likiwa moshi mweupe, na injini ikipata moto linageuka masizi yanayojijenga kwenye kichumba. Tuliona ushahidi wake kwenye uso wa nozeli yenyewe, uliokuwa na gamba jeusi gumu, wakati nyingine tatu zilikuwa na rangi ya kahawia.

Ncha zote nne zimewekwa mpya, shinikizo la kufungukia limepangwa sawa, na washa za shaba zimebadilishwa, kwa kuwa washa iliyokwisha kubanwa mara moja haizibi vizuri tena. Anayesimama karibu na mashine hiyo asiweke mkono mbele ya nozeli, kwani ukungu ule unapenya ngozi, na jeraha lake, hata likionekana dogo kama la sindano, ni la kwenda hospitali siku ileile.

Kumisi kumekwisha. Moshi mweupe sasa unaonekana kwa muda mfupi tu, kisha unapotea.

3 Agosti 2024

Limebaki la moshi mweusi mlimani, na hilo ni la pampu. Niliiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu pampu ndiyo kitu cha gharama kuliko vyote hapa, na ndiyo inayolaumiwa kwanza kila mahali. Tumeipeleka Makambako kwa fundi mwenye benchi la kupimia pampu.

Alichokuta ni kwamba muhuri wa risasi wa kiwandani kwenye skrubu ya mafuta ya mzigo kamili, inayopanga kiasi cha juu cha mafuta, ulikuwa umevunjwa na skrubu kukazwa ndani. Hii pia ni desturi iliyoenea: gari likipungukiwa nguvu, skrubu inakazwa, mafuta yanaongezeka, moshi mweusi unatoka, na dereva anauchukulia moshi huo kuwa ndiyo nguvu. Pwani, ambako hewa ni ya kutosha, sehemu ya mafuta hayo ya ziada iliungua kweli. Hapa haina hewa ya kuungua nayo. Toyota iliweka kwenye baadhi ya pampu zake kifaa kinachopunguza mafuta chenyewe kadiri gari linavyopanda juu. Pampu yetu haina kifaa hicho, kwa hiyo lazima ipangwe kwa mkono kulingana na mahali gari linapoishi. Fundi ameirudisha kwenye vipimo vya kitabu, kisha akapunguza mafuta ya mzigo kamili kwa kiasi kinachoendana na hewa ya huku. Tulipoifunga tulipanga wakati wa kunyunyizia kwa geji ya piga (kipimo chenye uso wa saa), si kwa kusikiliza kwa sikio.

Dereva alikuwa na hofu kwamba gari litalala mlimani. Tumelijaribu na mzigo uleule wa viazi kwenye mlima uleule, na linapanda kwa gia ileile. Mafuta yaliyokuwa yanatoka nyuma yakiwa masizi hayakuwa yanasukuma pistoni. Yalikuwa yanapasha moto ekzosi na kuchafua nguo za watu waliokaa nyuma ya gari. Hilo la watu si dogo. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na wanaouvuta zaidi kwa gari kama letu ni wabebaji wanaokaa nyuma pamoja na akina mama wauza viazi sokoni, ambao gari linaegeshwa mbele yao huku injini ikiunguruma.

10 Agosti 2024

Ekzosi. Kila lita ya dizeli inayoungua inazaa takriban lita moja ya maji, ambayo injini ikiwa na joto hutoka yakiwa mvuke usioonekana. Katika gari lililokuwa halipati moto, maji hayo yaligandia ndani ya bomba baridi, yakachanganyika na masizi na asidi inayotokana na salfa ya mafuta, na kuutafuna mtungi wa kati kuanzia ndani. Tulipoupasua, tulikuta tope jeusi zito limejaa hadi karibu nusu ya kimo cha mtungi, na vibamba vya ndani vikiwa vyepesi kama karatasi. Umewekwa mtungi mpya, na gasketi ya manifoldi imebadilishwa kwa sababu ilikuwa inavujisha masizi kuelekea kwenye matundu ya hewa ya kabini.

Msomaji asichanganye jambo hili na mvuke mweupe unaoonekana asubuhi kwenye kila gari katika mji wa baridi. Mvuke wa maji hauna harufu ya dizeli, hauwashi macho, na unayeyuka hewani papo hapo. Huo hauna tatizo lolote.

24 Agosti 2024

Oili imebadilishwa tena mapema kuliko ratiba inavyotaka, kwa kuwa masizi ya zamani yalikuwa bado yanajitoa kwenye kuta za injini. Iliyotoka ni nyeusi, lakini ukidondosha tone kwenye karatasi linasambaa sawasawa badala ya kuacha fundo jeusi katikati, tofauti na tone la mwezi wa sita.

Dereva amepewa utaratibu wa asubuhi ulioandikwa na kubandikwa kwenye kioo cha jua: ashikilie kitufe cha plagi kwa sekunde 15, apige stata bila kukanyaga mafuta, asipige resi injini ikiwa baridi, na aondoke taratibu baada ya dakika moja au mbili, kwa kuwa injini ya dizeli inayoachwa ikizunguka bila mzigo haipati moto upesi, na muda wote huo inatengeneza masizi. Ameomba tuongeze kwamba gari liwashwe uani na si ndani ya banda, na ni haki iongezwe.

Kilichobaki ni mkanda wa taimingi, unaoziendesha valvu na pampu kwa wakati wake, ambao historia yake haijulikani. Toyota inataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, na ukikatika kwenye injini hii valvu zinakutana na pistoni. Mkanda mpya na bearingi ya kuukaza vimeagizwa, na vitafungwa mwezi wa Septemba kabla ya msimu mwingine wa mvua. Baada ya hapo wakati wa pampu utapimwa upya kwa geji, kwa sababu mkanda uliolegea huchelewesha pampu kidogo na kurudisha moshi mweupe ambao tumeuondoa.